Darasa la Likizo Ziwa Lilipofungwa

Kila likizo ya mwezi wa sita, usharikani kwetu hapa Mwanga tunafungua darasa la kipaimara la majuma matatu, Jumatatu hadi Ijumaa. Linawafaa hasa watoto wa shule za bweni, ambao Jumamosi za kawaida hatuwapati. Tunafundisha watu watatu: mchungaji, mwinjilisti na mama mmoja mwalimu wa shule ya msingi, ambaye likizo yake huishia hapo bila posho.

Aliyefundisha Kigoma anajua kwamba kalenda ya darasa si ile ya ukutani peke yake. Dagaa huvuliwa kwa taa, usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwaka taa haina kazi, na mitumbwi hupumzika. Basi vijana wa Kibirizi huja darasani mwezi ukiwa mkubwa. Giza likirudi wanatoweka, wavulana ziwani, wasichana kwa mama zao kuanika. Kwa miaka mingi tuliandika "mtoro" mbele ya majina yao kwa wino mwekundu, tukaona tumetimiza wajibu.

Mwaka 2024 Serikali ilisimamisha uvuvi ziwani kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti, samaki wapate kuzaliana. Tulipofungua darasa mwanzoni mwa Juni usiku ulikuwa giza tupu, na bado mabenchi yalijaa. Tulifurahi mno. Jumapili tukasimama mbele ya usharika tukamshukuru Mungu kwa kutuletea watoto wote, na watu wakaitikia amina. Baada ya ibada mama mmoja mwanika dagaa alitusubiri mlangoni. Hakupandisha sauti.

"Bwana Yesu asifiwe, Mchungaji. Mmeshukuru vizuri. Ila mjue watoto wamekuja kwa sababu nyumbani hakuna kazi, na pasipo kazi hakuna chakula. Wa kwangu leo siku ya pili anatoka bila kula."

Tulikuwa hatujamwuliza mtoto hata mmoja kama amekula.

Juma lililofuata somo lilikuwa Sala ya Bwana. Chuoni tulisoma jinsi Luther alivyotembelea sharika za Saxony mwaka 1528, akakuta watu, na hata baadhi ya wachungaji, hawajui misingi ya imani, ndipo mwaka 1529 akatoa Katekisimo Ndogo. Tunapenda kuisimulia habari hiyo. Hututia moyo tunapokuta watoto hawajakariri. Katika ombi la nne anaeleza kwamba mkate wa kila siku si chakula tu. Ni nguo, nyumba, shamba, serikali njema, hali ya hewa nzuri, na karibu na mwisho wa orodha, majirani waaminifu.

Kijana mmoja wa miaka kumi na minne akanyoosha mkono. "Mchungaji, kama serikali ni mkate, na serikali ndiyo imefunga mkate, tunaombaje?"

Wenzake walicheka. Sisi tulianza kueleza habari za mazalia ya samaki, na kwamba ziwa hili ni la nchi nne, Tanzania, Burundi, Kongo na Zambia. Akatusikiliza kwa adabu, kisha akasema hayo anayajua. Babu yake humsimulia ukubwa wa migebuka ya zamani. Hakuwa anabisha ziwa kufungwa. Alikuwa anauliza wale nini hadi Agosti. Tukamwambia tutamjibu kesho, kama wafanyavyo walimu wasio na jibu.

Kesho yake kina mama wa usharika walianza kupika uji wa saa nne. Unga ulipatikana, sukari ilisumbua, na siku mbili tulikunywa wa chumvi. Hatukudai kwamba kikombe kile ndicho jibu. Kijana yule alikuwa na wadogo zake nyumbani, na siku ya tatu akaja nao wawili. Basi tukawa na darasa la kipaimara lenye mtoto wa miaka minne, aliyekaa mbele kuliko wote.

Jumatatu ya Idi ya kuchinja hatukufundisha. Majirani zetu wengi ni Waislamu, na baadhi ya wanafunzi wana shangazi na wajomba Ujiji. Jumanne mama mwalimu alipouliza tena mkate wa kila siku ni nini, wa kwanza kujibu alisema, "Pilau ya shangazi." Tulimpa alama zote.

Ziwa likafunguliwa Agosti. Darasa lilikuwa limerudi kwenye Jumamosi, na giza la mwisho wa mwezi lilipoingia benchi la nyuma likabaki tupu. Mwinjilisti alishika daftari la mahudhurio na kalamu yake nyekundu, akasita, akatuuliza aandike nini.

Tukamwambia aandike "ziwani".