Sikukuu ijayo, mama naye ale nyama ikiwa ya moto

Wazazi wenzangu mnaokaa maghorofani huku Mchafukoge, Kisutu na Kariakoo, sikukuu zetu mnazijua. Nyumba haina uwanja, jikoni wakiingia watu wawili wanabanana, na wageni hawapigi simu kabla ya kuja. Ikifika saa saba mchana sinia zinatoka moja baada ya nyingine, na aliyezipakua hakuna anayejua kama amekula. Nyumba nyingi huyo ni mama. Nyingine ni bibi, dada wa kazi, au binti aliyeanza kukua.

Mwaka jana tulikwenda Oman kwa Idi Kubwa, kwa shangazi yake mume wangu anayeishi Seeb, pembeni ya mji wa Maskati. Akiba ya safari tuliiweka kidogo kidogo kwa miaka mitatu. Nilitegemea kurudi na udi, haluwa na zawadi za watoto, na vyote hivyo nilirudi navyo. Lakini kilichobadilisha nyumba yetu ni swali la binti yangu wa miaka 13, na nitalieleza.

Shangazi alizaliwa Unguja. Familia yao iliondoka baada ya Mapinduzi ya 1964, na ni katika wale wengi waliokwenda kuishi Oman baada ya Sultani Qaboos kushika madaraka mwaka 1970. Kiswahili chake ni kile cha zamani, cha taratibu. Wajukuu zake ukiwasemesha wanaelewa, lakini wanajibu kwa Kiarabu. Neno moja tu halikuhitaji mkalimani: mishkaki. Wao husema mishkak, sisi tunaongeza irabu mwishoni, na moshi wake ni ule ule.

Kule sikukuu haimaliziki siku moja. Kila sehemu ina utaratibu wake, lakini kwa wenyeji wetu asubuhi ya kwanza ni arsiya: wali uliopikwa na nyama ukapondwa mpaka ukalainika kabisa. Ni ndugu wa bokoboko letu, ila sisi tunatumia ngano. Siku ya pili ni ya mishkaki. Siku ya tatu ni ya shuwa, na hii ndiyo iliyonifanya nikae nitazame.

Shuwa ni nyama ya mbuzi, kondoo, ng'ombe au ngamia inayopakwa kitunguu saumu, siki, pilipili na bizari za kila aina: iliki, karafuu, mdalasini, pilipili manga. Inafungwa kwenye majani ya mgomba, inatiwa ndani ya mfuko uliosukwa kwa majani ya mtende, kisha inashushwa kwenye shimo lenye makaa mekundu. Shimo linafunikwa na kuzibwa kwa udongo mpaka moshi usipate pa kutokea. Nyama inalala humo siku nzima, pengine mbili. Mara nyingi shimo ni la ukoo au la mtaa mzima, kwa hiyo kila nyumba inatia alama mfuko wake usije ukachanganyika na wa jirani.

Kazi hiyo ni ya wanaume. Baba wanakata, wajomba wanapaka viungo, vijana wanashusha na kuzika. Siku ya mishkaki hata mtoto wa miaka sita alipewa vijiti vyake achomeke nyama chini ya macho ya babu. Mwanangu wa kiume, ambaye nyumbani huanza kazi baada ya kuitwa mara nne, alikuwa ameshika kipepeo anapulizia makaa bila kuambiwa.

Jioni hiyo tumekaa mkekani, shangazi ameegemea mto, nyama inaletwa. Binti yangu akaniangalia, akauliza: "Mama, kwetu wewe huwa unakula saa ngapi siku ya Idi?"

Hakuwa na kejeli. Alikuwa anajaribu kukumbuka na hakumbuki. Nikajaribu na mimi, nikaona ninachokumbuka ni kula nimesimama, jioni, kilichobaki. Wala si mimi tu. Mama yangu alikuwa hivyo, na mama yake pia. Kilichonigusa ni kwamba anayeuliza ndiye anayefuata kwenye foleni.

Nisiipambe Oman kupita kiasi. Arsiya ile wanawake waliiamkia alfajiri, na nyumba nyingi kule zina wasaidizi wa kuajiriwa ambao nao wana familia zao mbali. Hakuna nchi ambayo sikukuu inajipika. Nilichokiona ni kitu kidogo: chakula kimegawiwa kwa siku, na kazi imegawiwa kwa watu, kiasi kwamba kila mtu kuna siku anapika na kuna siku anakaa.

Hapa kwetu, zunguka mitaa hii jioni. Aliye nyuma ya jiko la mishkaki, kuku au mahindi ya barabarani ni mwanamume, mara tisa kati ya kumi. Anajua moto umekolea lini, anageuza wateja kumi kwa mpigo bila kuunguza. Akirudi nyumbani siku ya sikukuu anasema hajui jiko linawashwaje. Nilimwambia hivyo baba watoto tukiwa bado Seeb. Alicheka, lakini hakubisha.

Jaribio letu la kwanza lilikuwa Nane Nane. Tulichagua siku hiyo kwa sababu haina dini, na ghorofa letu lina kila mtu. Tuliomba ruhusa ya msimamizi tukapanda juu ya paa na majirani wa nyumba tatu. Baba watoto na mwanangu walishika moto. Binti alishika orodha. Jirani yetu wa Kihindi hali nyama, kwa hiyo tukaweka wavu wa pili, jiko la pili na koleo la pili: mahindi, viazi, pilipili hoho na vitunguu. Mama mkwe wangu alikalishwa kwenye kiti akawa jaji wa chumvi. Mimi nilileta kachumbari, nikakaa. Kijiti cha kwanza nilikula kikiwa cha moto, mpaka kikaniunguza ulimi.

Kwa mzazi anayetaka kujaribu, haya ndiyo yaliyotusaidia.

Nunua mapema. Kuku, ndizi na mboga tulichukua soko la Kisutu. Vijiti, nyavu na majani ya mgomba tulitafuta Kariakoo siku mbili kabla. Wapenda pweza na ngisi waende Feri asubuhi.

Mishkaki: kilo 2 za nyama isiyo na mfupa zilitupa vijiti 40, vipande vinne vinne. Usiku paka tangawizi, kitunguu saumu, ndimu kidogo, pilipili na bizari, kisha weka kwenye friji. Papai bichi lililosagwa linalainisha nyama, ila lipake saa moja tu kabla ya kuchoma. Likikaa sana nyama inakuwa uji. Vijiti vya mianzi viloweke nusu saa visishike moto. Usianze kuchoma mpaka makaa yavae majivu meupe. Pembeni weka rojo la ukwaju, mihogo ya kuchoma na ndizi.

Shuwa ya ghorofani: shimo hatuna, lakini bibi zetu walituachia kupalia makaa. Mbuzi akishalala na viungo usiku kucha, mfunge kwenye majani ya mgomba yaliyopitishwa motoni yakalainika, mpange kwenye sufuria nzito yenye maji kidogo chini, funika vizuri. Moto mdogo chini, makaa juu ya mfuniko, saa nne hivi, ukichungulia maji yasikauke. Haitakuwa ile ya Oman, lakini nyama itaachia mfupa yenyewe.

Usalama: jiko la mkaa lisiwashwe ndani wala kwenye korido iliyofungwa, hata kama mvua imewakuta. Mkaa unatoa hewa ya sumu isiyo na harufu, na inaua watu wakiwa wamelala. Juu ya paa weka ndoo ya maji na ndoo ya mchanga, na mtu mzima mmoja ambaye kazi yake ni kuwatazama watoto wasisogelee ukingo wala moto. Ubao na kisu cha nyama mbichi visiguse kachumbari. Kuku mchane karibu na mfupa; akiwa bado mwekundu, mrudishe. Na kwa joto la Dar, chakula kisikae nje zaidi ya saa mbili.

Kazi za watoto: wa miaka mitano anaweza kuosha nyanya na kupanga vikombe. Wa miaka minane anachomeka nyama kwenye vijiti akiwa na mkubwa pembeni, kisha ananawa mikono kwa sabuni. Wa miaka 12 anakata kachumbari. Wavulana na wasichana sawa, na majina yaandikwe kabisa, kwa sababu kazi isiyo na jina inarudi kwa mama.

Wapo watakaosema wageni watashangaa kumkuta baba na kipepeo mkononi. Kwetu walishangaa. Mmoja akatania, akapewa koleo, akachoma mpaka magharibi.

Huhitaji tiketi ya ndege kwa haya. Sikukuu ijayo, iwe Idi, Krismasi au Saba Saba, kaeni usiku wa kuamkia siku hiyo na karatasi moja. Andikeni chakula, kazi na jina la kila mtu. Halafu mstari wa mwisho andikeni saa ambayo mpishi mkuu atakaa na sahani yake. Mpeni mtoto mmojawapo kazi ya kuitazama saa hiyo. Wa kwangu ameiomba mwenyewe, na huwa haipitishi hata dakika.