Mji wa Visiwa Saba

Upande wa magharibi wa Bara Hindi, kando ya bahari iletayo majahazi Mombasa na Unguja tangu zamani, uko mji mkubwa uitwao Mumbai. Wazungu waliuita Bombay, na mwaka 1995 jina la wenyeji likawa ndilo jina la serikali. Jina hilo latokana na Mumba Devi, mungu wa kike wa Wakoli, wavuvi ambao ni wakazi wa kale wa pale. Hata leo Wakoli wanavyo vijiji vyao mjini, na mashua zao hulala karibu na majumba ya ghorofa nyingi.

Mgeni atokaye pwani ya Afrika, akipita katika mji huo, haoni dalili kwamba zamani ulikuwa visiwa saba. Katikati yake palikuwa na maji na matope. Maji yakijaa, mtu hakuweza kutoka kisiwa hata kisiwa ila kwa mashua. Wareno walivitwaa mwaka 1534. Binti mfalme wa Ureno alipoposwa na mfalme wa Uingereza, mapatano ya mwaka 1661 yalisema kwamba visiwa hivyo vitaandamana na bibi arusi. Mfalme naye hakuviona kuwa na faida kubwa; mwaka 1668 aliwapa wafanyabiashara wa Kampuni ya Bara Hindi kwa kodi ya pauni 10 kila mwaka.

Kazi ya kuviunga ilikuwa ndefu. Katika karne ya 18 liwali Mwingereza aitwaye William Hornby alijenga ukuta mkubwa wa kuzuia bahari kati ya kisiwa cha Bombay na kile cha Worli. Wenyeji husimulia kwamba ukuta ulibomoka, ukajengwa, ukabomoka tena, hata fundi mmoja akaota ndoto kwamba sanamu za miungu ya kike zimelala chini ya maji mahali pale. Wakazitafuta, wakazitoa, wakazijengea hekalu, na ukuta ukasimama. Hiyo ni hadithi. Lakini hekalu la Mahalakshmi lipo juu ya mwamba karibu na bahari, na watu wengi huja kila siku kuabudu, wakivua viatu mlangoni na kuchukua maua mikononi. Vilima vilichimbwa, mawe na udongo vikamwagwa majini mwaka baada ya mwaka, na kufikia katikati ya karne ya 19 visiwa saba vilikuwa nchi moja.

Walakini bahari haikuacha haki yake yote. Si mbali na hekalu hilo, kaburi la Haji Ali, mtakatifu wa Waislamu, limejengwa juu ya mwamba ndani ya maji. Njia yake ni nyembamba. Maji yakipwa, watu wa dini mbalimbali huenda na kurudi. Maji yakijaa njia hufunikwa, na mwenye haraka hana budi kungoja. Na katika ufuo wa Chowpatty, ambako jioni watu hukaa mchangani wakila bisi za mchele zilizochanganywa na viazi, vitunguu na ukwaju, kila mwaka maelfu na maelfu huleta sanamu za mungu Ganesha mwenye kichwa cha tembo. Huziimbia, kisha huziingiza baharini zizame. Sanamu ya udongo hurudi kuwa udongo, wala hakuna aliaye kwamba imeharibiwa, maana aliyeileta ndiye aliyeitoa.

Mambo hayakuwa hivyo katika kisiwa cha Gharapuri. Mashua hukifikia kwa mwendo wa saa moja kutoka bandarini. Mgeni hupanda vidaraja zaidi ya 100, kisha huingia katika pango kubwa lililochongwa yapata karne ya 6. Nguzo zake hazikuletwa kutoka mahali pengine. Mafundi walikata mwamba wa mlima wakaziacha nguzo zimesimama, na dari juu yake. Fundi aliyekosea pigo moja hakuwa na jiwe jingine la kuweka badala yake. Ndani kabisa iko sanamu ya mungu Shiva mwenye nyuso tatu, urefu wake yapata futi 18, na uso wa katikati umefumba macho kwa utulivu. Lakini sanamu nyingine pembeni hazina mikono wala miguu. Yasemekana kwamba askari wa Kireno walizilenga kwa bunduki.

Wareno hao walikiita kisiwa Elephanta, kwa sababu ya tembo mkubwa wa jiwe waliyemkuta karibu na pwani. Mwaka 1864 Waingereza walitaka kumpeleka kwao. Walipomwinua, mtambo wa kuinulia ulivunjika, tembo akaanguka akawa vipande vipande. Vipande vilipelekwa katika bustani moja mjini, na mwaka 1914, yaani miaka 50 baadaye, viliungwa tena. Tembo yupo hata leo nje ya jumba la makumbusho, na atazamaye vizuri aweza kuona mahali alipoungwa. Kumwangusha kulichukua nukta moja tu.

Katika miaka ile ile bandari ya Bombay ilipokea waliovunjwa kwa njia iliyo mbaya zaidi. Manowari za Kiingereza zilikamata majahazi ya watumwa baharini, na baadhi ya watoto waliookolewa walishushwa Bombay, mbali na mama zao na lugha zao. Wengine walipelekwa shule ya misheni huko Nasik, wakafundishwa kusoma na kazi za ufundi. Mmoja wao alikuwa Jacob Wainwright, Myao. David Livingstone alipofariki mwaka 1873 katika nchi iitwayo sasa Zambia, Wainwright alichonga maandishi ya kumbukumbu juu ya mti, akaandika habari za safari ya kuuchukua mwili hata pwani, na mwaka 1874 alikuwa miongoni mwa walioshika jeneza huko London.

Wengine walirudi Afrika. Mwaka 1875 kijiji cha watumwa walioachwa huru kilianzishwa bara, ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa, kikaitwa Freretown kwa jina la Bartle Frere, aliyekuwa zamani gavana wa Bombay. Watu wa Bombay, kama walivyoitwa, walikuwa pale mafundi, walimu na wahubiri. Hawakurudishiwa vijiji walikozaliwa, wala miaka waliyonyang'anywa. Kama tembo yule, alama ya kuvunjwa haikufutika. Hata hivyo walifanya nyumba, wakazaa watoto, wakawafundisha wengine. Kengele yao ilipigwa kuwaonya watu juu ya hatari ya wafanyao biashara ya watumwa, na hata leo mahali pale huitwa Kengeleni.