Samoni, mashua ndogo na mahali pa kuvulia

Mpenzi msomaji, huenda samoni unamjua kwa kumwona tu ndani ya mkebe, au akiwa amelazwa juu ya barafu katika duka kubwa la Nairobi, bei yake ikikufanya uendelee na safari yako ya kununua unga. Mimi huku niliko, katika mji wa Tacoma, jimbo la Washington, kaskazini-magharibi mwa Marekani, samaki huyu hupita karibu na mlango wangu kila mwaka akielekea mtoni alikozaliwa. Leo naomba nikueleze jinsi mtu mwenye mashua ndogo anavyomtafuta, na hasa anavyochagua mahali pa kumtafutia. Samaki kunasa ni bahati, lakini mahali umepachagua mwenyewe.

Nijitambulishe kidogo. Mimi ni mzaliwa wa Gazi, kusini mwa Mombasa, na mjomba wangu aliyenilea alikuwa mvuvi wa ngalawa. Huku natunza wazee kwa zamu za usiku, kazi ambayo Wakenya wengi wa hapa wanaijua vyema, na Jumamosi ndiyo siku yangu ya kuvuta pumzi. Mashua yangu ni ya alumini, futi 16, injini moja, viti vinne. Mama watoto naye ni mtu wa Kisiwa cha Rusinga. Kwao, ziwa lilimchukua kaka yake mkubwa, na hadi leo kaburi lake halina mwili. Nilipoileta ile mashua nyumbani hakuuliza bei yake. Aliizunguka mara moja, akaigonga ubavuni kwa kiganja, kisha akasema: "Baba watoto, hawa wawili unakusudia kuwapeleka wapi hasa?"

Swali hilo lilinichukua msimu mzima kulijibu.

Bahari ya huku huitwa Puget Sound. Usiwaze bahari wazi kama ya Malindi. Waza mkono mrefu wa bahari ulioingia ndani ya nchi na kujigawa kuwa vidole vingi baina ya visiwa na rasi, mfano wa Kilindini na Tudor, ila huu ni mkubwa mno. Maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na si ajabu yakapanda zaidi ya mita 3. Maji yote hayo lazima yapite katika milango myembamba, na hapo ndipo mikondo inapozaliwa. Mkondo ukigonga rasi hukusanya samaki wadogo waitwao heringi, na samoni huja kuwala.

Ndiyo sababu kila mtu hukimbilia Point Defiance, rasi iliyo hapa hapa Tacoma. Ukifika Agosti kabla ya jua kuchomoza utadhani uko kituo cha mabasi cha Machakos saa kumi na mbili jioni. Mashua ziko bega kwa bega, kila moja ikikokota chambo kirefu nyuma yake, mishipi inashikana, watu wanatukanana kwa adabu ya Kimarekani. Katikati ya msongamano huo inapita feri inayokwenda Tahlequah katika kisiwa cha Vashon. Asubuhi moja ya Septemba ukungu ulishuka ghafla kama pazia. Nilikuwa nimejibanza karibu na ufuo pamoja na jirani yangu, nikasikia honi fupi tano. Kila baharia anajua maana yake: kuna hatari, au sikuelewi unafanya nini. Kumbe mashua iliyokuwa mbele yetu, yenye mzee na mbwa wake, injini ilikuwa imezima katika njia ya feri. Feri ilisimama kwa wakati, tukamtupia mzee kamba tukamvuta pembeni. Mbwa alikuwa akitetemeka kuliko mwenyewe.

Siku hiyo sikuwa na watoto. Nilipousimulia mkasa huo nyumbani, mama watoto alinyamaza, na kunyamaza kwake nakujua. Basi nikaanza kutafuta mahali penye utulivu.

Hapa, msomaji wangu, ndipo wengi wanapoteleza. Mtu huona maji hayana mashua hata moja akasema, "Alhamdulillahi, nimepata kwangu." Mjomba alikuwa akitufundisha kwamba ukikuta mahali pazuri hapana mvuvi, usifurahi kabla hujajua kwa nini hapana mvuvi.

Nenda kwa mfano kwenye mlango uitwao Tacoma Narrows. Siku nyingine utaukuta mtupu. Ni mtupu kwa kuwa mkondo wake hupita kasi ya noti 4 maji ya bamvua yanapokimbia, na huzungusha mashua ndogo kama kifuu. (Daraja la kwanza la mahali hapo lilianguka tarehe 7 Novemba 1940, miezi minne tu baada ya kufunguliwa. Wageni wengi hudhani lilibebwa na maji. Ni upepo ulioliangusha.) Wenyeji huvua pale wakati maji yamesimama, dakika chache kati ya kujaa na kupwa, kisha huondoka. Asiyejua kusoma majedwali ya maji hana biashara pale.

Au nenda ghuba ya Commencement, unapomwagikia mto Puyallup. Siku fulani za vuli utaona maji matulivu mbele ya mto na samoni wakiruka hadi moyo ukudunde. Tazama vizuri: kuna maboya yamepangwa mstari. Hizo ni nyavu za watu wa kabila la Puyallup, wenyeji wa asili wa nchi hiyo. Mikataba ya miaka ya 1850 iliwaachia haki ya kuvua, na mwaka wa 1974 Jaji George Boldt aliamua kwamba haki hiyo ni nusu ya samaki wanaoruhusiwa kuvuliwa. Wavuvi wengine wa hapa bado hununa wakizungumzia jambo hilo. Mimi kwa maoni yangu, mtu aliyetoka nchi iliyoporwa ardhi na walowezi hana la kununia hapo. Lakini hata ukiiacha haki kando, wavu ukijisokota kwenye rafadha ya injini yako utakuwa umefungwa mahali ambapo meli za makontena hugeukia.

Meli hizo ndizo sababu ya tatu. Mashariki mwa kisiwa cha Vashon kuna njia pana, nayo katikati mara nyingi haina wavuvi. Hiyo ndiyo barabara kuu ya meli ziendazo bandari ya Tacoma. Meli kubwa haiwezi kusimama ghafla kama matatu. Huhitaji kilomita moja na zaidi, na nahodha aliye juu kule hakuoni ukiwa chini ya pua yake. Sheria ya bahari inakutaka wewe mdogo usiizuie. Na hata ikikupita mbali, mawimbi yake hukufikia baada ya dakika kadhaa, wakati umeshaisahau na umeinamia ndoana. Yaelekezee pua ya mashua, usiyape ubavu.

Baada ya kuyaondoa hayo yote ndipo nikaufikia mlango wa Colvos, magharibi mwa Vashon. Ni mwembamba, una misitu pande zote mbili, na meli kubwa hupitia upande ule mwingine. Samoni aina ya coho hupita humo Septemba. Niliitazama ramani ya bahari kwa juma zima nikaona sasa nimepata. Mama watoto akasema ramani haimtoshi, anataka kupaona.

Tukaenda sote Jumapili moja, kwa gari, hadi Olalla, kijiji kilicho ukingoni mwa mlango huo, penye mahali pa kushushia mashua. Tulikaa juu ya magogo kuanzia asubuhi hadi alasiri tukila chapati. Yeye hakutazama samaki. Alitazama gogo lililokuwa likielea. Maji yalikuwa yakijaa, na kwa desturi maji yanapojaa katika Puget Sound huelekea kusini. Gogo likaenda kaskazini. Baadaye maji yakaanza kupwa, na gogo jingine likaenda kaskazini vile vile. Nilimweleza kwamba hiyo ndiyo ajabu ya Colvos: mkondo wake huelekea kaskazini karibu wakati wote, maji yajae au yapwe. Yalipita dakika chache. Kisha upepo wa kaskazini, ambao huvuma hapa alasiri nyingi za kiangazi, ukaanza kuvuma dhidi ya ule mkondo. Maji yaliyokuwa kama kioo yakainuka mawimbi mafupi, yaliyosimama wima, moja nyuma ya jingine.

"Ukiwa huko katikati," akaniuliza, "na upepo huu umekukuta, utatoka vipi?"

Hilo halikuwa swali la mwoga. Lilikuwa swali la mtoto wa kisiwa, na sijaulizwa na mkaguzi yeyote wa bahari swali bora kuliko hilo. Tukakubaliana pale pale kwenye magogo. Tunashusha mashua Olalla kwenyewe, tunavua karibu na ukingo wa magharibi tu, na saa tano asubuhi tumeshatoka majini, samaki wawepo wasiwepo. Petroli ni mafungu matatu: la kwendea, la kurudia, na moja lisiloguswa. Nanga iko tayari na kamba ndefu, maana injini ikizima mkondo utatupeleka kaskazini, mbali na gari letu. Na karatasi hubandikwa kwenye friji ikieleza tulipo na saa ya kurudi. Ikipita, yeye anapiga simu kwa walinzi wa pwani bila kungoja kunionea haya.

Juu ya yote hayo kuna baridi. Bahari yetu ya Pwani huwa digrii 25 za Selsiasi na zaidi. Hii ya huku hukaa kati ya 8 na 14 hivi mwaka mzima, hata jua linapochoma. Waokoaji hufundisha hesabu ya moja, kumi, moja: ukianguka una dakika moja ya kuituliza pumzi inayokukimbia, dakika kumi ambazo mikono bado inakutii, na saa moja hivi kabla ya fahamu kukuacha. Mwogeleaji hodari hufa katika dakika ile ya kwanza kwa kuvuta maji badala ya hewa. Sheria ya jimbo inamlazimisha mtoto wa miaka 12 kurudi chini avae jaketi la kuelea katika mashua isiyofika futi 19. Kwetu sisi hata mwenye mvi anavaa. Redio ya mkononi nayo nimeifunga kwenye jaketi langu, ikiwa kwenye chaneli ya 16, kwa sababu redio iliyobaki ndani ya mashua haimsaidii aliye nje yake.

Utaniuliza, je, samaki tulipata? Tulipata, si wengi. Binti yangu alimnasa samoni aina ya Chinook, mkubwa kuliko mkono wake, na ikabidi amwachilie. Samoni waliototoleshwa na serikali hukatwa kipezi kidogo cha mgongoni karibu na mkia. Mwenye kipezi hicho ni wa porini, na Chinook wa porini wa Puget Sound wamo katika orodha ya samaki walio hatarini tangu 1999. Ndiyo maana ndoana hazina kingo, ili kumtoa kusimjeruhi. Alilia njia nzima hadi Olalla. Kaka yake, aliyekuwa na coho mmoja mwenye kipezi kilichokatwa, alijifanya haoni.

Mwaka wa 2027 ni wa samoni wa waridi, ambao hapa huja kwa wingi miaka isiyogawika kwa mbili. Kiti cha nne bado ki wazi. Majuzi nilimkuta mama watoto sebuleni akijaribu jaketi la kuelea la binti yetu, akaniambia lambana kifuani, ninunue jingine.