Si kila jino la kahawia ni chafu

Ukimwona mtu akicheka huku ameziba mdomo kwa kiganja, usidhani ni adabu tu. Huenda ni mwenzangu kutoka Gilgil, Naivasha au Nakuru. Sisi tuliolelewa kwa maji ya visima vya Bonde la Ufa twajulikana kwa meno yetu ya kahawia, na wapo wanaotutazama na kukata shauri papo hapo kwamba hatujui mswaki.

Siku hizi kung'arisha meno kumepamba moto. Vipusa wanataka, mabarobaro nao hawataki kuachwa nyuma, na dawa zinauzwa kila pembe ya mji. Lakini ni wauzaji wangapi wanaouliza jino lako lilipataje rangi hiyo? Na hapo ndipo penye kazi.

Iko rangi inayotoka nje: chai, kahawa, sigara, miraa. Nyingi ya hii hushika juu ya jino, na daktari wa meno akiyasafisha hutoka. Yetu sisi ni nyingine. Huingia jino lingali likijiunda ndani ya ufizi, mtoto akiwa hajafika miaka 8, kwa sababu anakunywa maji yenye madini ya floraidi kupita kiasi. Shirika la Afya Duniani linataka yasizidi miligramu 1.5 kwa lita moja, lakini visima vingi vya kwetu huzidi, maana maji hupita katika miamba ya volkeno. Gamba la jino halikomai sawasawa. Jino huota na mabaka meupe kama chaki, kisha hugeuka kahawia. Hata wasomi ilikuwa kitendawili kwao. Daktari Frederick McKay aliyakuta meno kama haya Colorado Springs, Marekani, mwaka 1901, na ilichukua hadi 1931 ndipo mwanakemia H. V. Churchill akagundua floraidi katika maji. Sasa muuza dawa wa sokoni atajuaje kwa kukutupia jicho?

Dawa halisi ya kung'arisha haikwangui jino. Ni haidrojeni peroksaidi, au ndugu yake kabamaidi peroksaidi, ambayo hupenya gamba, ikatoa oksijeni na kuzivunjavunja chembe za rangi zilizojificha humo. Inayotumika sana nyumbani ni kabamaidi ya asilimia 10. Daktari hukutengenezea kibao cha plastiki cha kukaa sawa na meno yako, ukatia dawa kidogo usiku, kwa majuma mawili hivi. Ikifurika huunguza fizi. Meno pia yaweza kushtuka ukinywa maji baridi, ila hilo hupita baada ya siku chache. Jino lenye tundu lizibwe kwanza. Meno bandia na viziba hayabadiliki rangi hata ukiyalaza katika dawa mwaka mzima! Huko Ulaya, tangu 2012, sheria hairuhusu dawa yenye peroksaidi ya zaidi ya asilimia 0.1 hadi 6 itolewe ila kupitia kwa daktari wa meno, wala asipewe aliye chini ya miaka 18. Mama mjamzito au anayenyonyesha, heri angoje.

Binti wa jirani yangu alinijia na kichupa kisicho na jina wala maandishi.

"Shangazi, harusi ni mwezi ujao. Nianze leo?"

Nilikichukua nikakiweka mbali. Alikuwa pia ameshauriwa ndimu na majivu, na mwingine, Mungu amsamehe, alimtajia maji ya betri. Wengi hawajui kwamba asidi huyeyusha gamba, na mkaa na majivu huliparuza. Chini ya gamba pana tabaka la rangi ya manjano. Kwa hiyo kadiri unavyosugua ndivyo jino linavyozidi umanjano, na gamba likiisha mwili hautengenezi jingine.

Nilimpeleka kwa daktari wa meno. Alilikausha jino, akamulika, akasema mabaka hayajazama sana. Alipitisha asidi maalumu iliyochanganywa na unga wa kusugulia, akaondoa tabaka jembamba mno, kazi ambayo hairuhusiwi kujaribiwa jikoni, kisha akampa dawa ya usiku. Alimwonya kwamba mwanzoni mabaka meupe yangeonekana zaidi, na kweli yalionekana. Yule binti alilia siku mbili. Baadaye yalitulia. Kahawia ilififia, haikwisha yote. Wenye vishimo ndani ya jino hulazimika kufunikwa jino kwa gamba la kubandika, na hilo si la mfuko wangu wala wako.

Walio na watoto wadogo wana nafasi ambayo sisi hatukupata. Kuchemsha maji hakuondoi floraidi. Maji yakipungua kwa mvuke, floraidi iliyobaki huzidi ukali. Maji ya mvua ni salama kwa hili, na Jimbo Katoliki la Nakuru limewahi kuwatengenezea watu chujio za makaa ya mifupa zinazoinasa. Dawa ya mswaki kwa mtoto chini ya miaka 3 iwe kama punje ya mchele, na atakapojua kutema, ateme.

Bwana harusi alipomuuliza yule binti anataka zawadi gani, alitaja tangi la lita 1,000 na mifereji ya paa.