Shaba Gani?

Kiswahili chetu kina neno moja, shaba, kwa vitu zaidi ya kimoja. Shaba ni ile nyekundu inayochimbwa hapa Katanga. Shaba ni pia ile ya manjano, iliyochanganywa na zinki. Hata mkoa wetu uliitwa Shaba tangu 1971 hadi 1997.

Jambo hilo liliingia nyumbani kwetu kwa sababu ya bizimu la mkanda wa marehemu babu, aliyekuwa polisi Élisabethville wakati wa Wabelgiji. Shangazi aliamini ni dhahabu, akataka urithi ugawanywe upya. Baba mdogo akasema: "Hii ni shaba tu, mwanangu. Tuwauzie wanaonunua vyuma vikuukuu." Nami, kwa kuwa nasoma lugha, niliombwa nisome maandishi madogo yaliyo nyuma yake.

Kabla ya maandishi nilitaka kujua madini. Sumaku haikulivuta; basi si chuma kilichopakwa rangi. Rafiki yangu wa kitivo cha sayansi alilipima: gramu 68. Alipolizamisha, maji yalipanda mililita 8. Yaani gramu 8,5 kwa kila mililita. Dhahabu tupu ingefika 19, aluminiamu isingefika 3. Na palipokwaruzwa, ndani ni manjano vilevile. Ni shaba yenye zinki.

Mgongo ulieleza kazi ya fundi. Nyota iliyotokeza mbele imebonyea nyuma: bamba liligongwa kwa muhuri wa chuma, halikumiminwa katika kalibu. Chini ya nyota nilisoma: FONSON, BRUXELLES. Fonson ilikuwa nyumba ya kutengeneza nembo na vifungo vya sare za askari.

Alama hiyo inamtaja aliyeligonga bamba. Haimtaji aliyeichimba shaba. Tanuri la Lubumbashi lilianza kuyeyusha shaba mwaka 1911, na shaba nyingi ya Katanga ilikwenda Ubelgiji. Hakuna sumaku wala mizani itakayothibitisha kwamba bizimu hili lilitoka kwetu, likarudi na nyota ya serikali. Ninaloweza kusema ni hili: babu aliishi katika mji wa shaba, na shaba ya kufungia mkanda wake ililetwa kutoka Ulaya.

Ugomvi ulikwisha. Dhahabu ya kugawanya haikuwapo, na gramu 68 si kitu kwa anayenunua kwa kilo. Shangazi ndiye aliyeona ambacho mimi sikukitazama: ncha za nyota zimelika. "Alikuwa akilisugua kila asubuhi," alisema. Babu hakuacha karatasi hata moja ya kazi yake. Fundi wa Bruxelles aliandika jina lake nyuma. Babu aliandika lake mbele, kwa kitambaa.

Sasa liko kabatini kwa shangazi, na kijikaratasi nilichoandika: Bizimu la polisi. Shaba ya manjano. Lilitengenezwa Bruxelles, likavaliwa Élisabethville.