Vijana Wetu na Kunyanyua Vyuma



Nguvu za mwili ni katika neema ambazo aghalabu mwanadamu huitambua thamani yake baada ya kumwondoka. Mtoto akizaliwa mzima wazazi hushukuru, na akikua akatanuka kifua na mabega hufurahi zaidi. Lakini ni wachache miongoni mwetu wanaouliza nguvu hizo hujengwaje, na ni kwa njia gani zaweza kuharibika kabla hazijakomaa. Jambo hilo ndilo nililokusudia kulieleza, kwa kuwa limeingia vijijini mwetu, nasi wazee tumegawanyika juu yake.

Hapa Msangano, katika bonde letu la mpunga, vijana wamezoea kunyanyua vyuma. Vyuma vyenyewe si vya kununua dukani. Huchukua bomba la chuma, wakasimamisha kila ncha yake katika kopo la rangi lililojazwa saruji, na saruji ikikauka chombo kimekamilika. Jioni hukusanyika nyuma ya nyumba, huyu akinyanyua na wenziwe wakimhesabia. Baadhi yao ni wanafunzi wangu wa chuo, wenye miaka 13, 14 na 15.

Wazazi wamenijia kwa shauri hili mara nyingi. Wako wasemao kuwa vyuma humdumaza mtoto asirefuke, na wako wasemao kuwa huo ni mchezo wa wahuni. Baba mmoja alinitaka niwapige marufuku chuoni. Nilimwambia kwa heshima kwamba kabla ya kukataza yafaa tujue madhara yako wapi hasa. Maana kijana huyo huyo tunayemhofia kwa kopo la saruji jioni, mchana wa msimu wa mavuno humtwika gunia la mpunga, na gunia lililojaa laweza kupata kilo 80 hata 100. Likiwa ni lumbesa, huzidi hapo. Hilo hatuliiti vyuma, twaliita kazi.

Nilipata kumfundisha kijana mmoja mwenye sauti nzuri ya kusoma. Alipokuwa na miaka 15 alikwenda kupakia magunia katika lori liendalo Tunduma, akilipwa kwa kila gunia, na kila alipolipwa akatamani jingine. Siku ya tatu mgongo ulimkatika kwa maumivu, akaanguka chini na mzigo. Leo ni mtu mzima, na husali akiwa ameketi. Kila nimwonapo katika safu huwaza kuwa kilichomwumiza hakikuwa uzito peke yake. Ulikuwa ni uzito mkubwa mno, uliorudiwa mno, bila ya mtu wa kumwambia basi.

Nilimwuliza tabibu mmoja juu ya khabari ya kudumaa, naye akanifahamisha vizuri. Katika ncha za mifupa mirefu ya mtoto mna tabaka la gegedu, nalo ndilo linalourefusha mfupa. Tabaka hilo hugeuka kuwa mfupa mgumu ujana unapokamilika, kwa wasichana aghalabu kati ya miaka 13 na 16, na kwa wavulana kati ya 15 na 18 au zaidi kidogo. Kabla ya hapo ni mahali laini kuliko mfupa wenyewe. Likivunjwa kwa kuangukiwa na chuma au kwa kunyanyua kupita kiasi, laweza kuharibu ukuaji wa kiungo hicho. Lakini mazoezi ya uzito mdogo, yenye mpango na msimamizi, hayaonekani kulidhuru. Madaktari wa watoto wa Marekani waliliandika hilo katika mwongozo wao wa mwaka 2020. Na mwaka huo huo Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba watoto wa miaka 5 hadi 17 wafanye mazoezi ya kuimarisha misuli na mifupa walau siku 3 kwa wiki.

Wengine hutoa hoja ya Naim Süleymanoğlu, Mwturuki aliyezaliwa Bulgaria mwaka 1967. Huyu alianza kunyanyua vyuma angali mtoto, na urefu wake ulikuwa kama sentimita 147 tu. Katika Michezo ya Olimpiki ya Seoul mwaka 1988, akishindana na watu wasiozidi kilo 60, aliinua kilo 190 juu ya kichwa chake. Husemwa kuwa vyuma ndivyo vilivyomfupisha. Lakini baba yake na mama yake nao walikuwa wafupi, na mtoto hurithi kimo cha wazazi wake.

Basi, ewe mzazi, na wewe kijana, mambo ya kushika ni haya.

Kwanza, asinyanyue kijana peke yake. Awepo mtu mzima mwenye akili, na watoto wadogo wasisogee, kwani vidole vingi huvunjika kwa chuma kilichoponyoka.

Pili, aanze na mwili wake mwenyewe: kuchuchumaa na kuinuka, na kujisukuma kwa mikono kutoka chini. Atembee upesi au akimbie polepole dakika 5 hadi 10 kwanza, mwili upate joto.

Tatu, uzito uwe ule anaoweza kuuinua mara 10 hadi 15 kwa utulivu, mgongo ukiwa umenyooka na pumzi ikitoka bila kuzuiwa. Akishindwa kuuinua vizuri, ni mzito kwake. Hapa kopo la saruji lina aibu yake, kwa kuwa haliongezeki wala halipungui. Dumu la lita 5 lenye mkono ni bora zaidi. Lita moja ya maji ni kilo moja, basi kijana aweza kuanza na lita 2, na akiizoea kabisa aongeze robo lita tu.

Nne, afanye siku 2 au 3 kwa wiki, na baina yake apumzike, maana misuli hujengeka wakati wa kupumzika. Siku aliyobeba mizigo shambani, hiyo imetosha. Katika Ramadhani afanye baada ya kufuturu.

Tano, asishindane kuona nani atainua kizito zaidi. Mashindano hayo yangoje mwili ukomae. Na akisikia maumivu makali ya kiungo au ya mgongo, aache mara moja. Mwenye siko seli, ugonjwa wa moyo au kifafa asianze kabla hajamwona daktari.

Sita, asimeze wala asidungwe dawa za kukuza misuli. Dawa za namna ya homoni huweza kulifunga lile tabaka la ukuaji kabla ya wakati wake, na hapo ndipo kijana hudumaa kweli. Chakula chake ni maharage, karanga, dagaa, mayai na maziwa, pamoja na usingizi wa saa 8 hadi 10.

Wala tusiwasahau mabinti. Ndoo ya lita 20 ni kilo 20, na binti huibeba kichwani kutoka kisimani kila siku bila ya mtu kumwuliza kama ni nzito. Naye ana mifupa inayokua. Mpunguzie maji ndoo, na umfundishe kuinua kwa kukunja magoti na kuukaribisha mzigo mwilini.

Sheria ya nchi yetu ya mwaka 2004 kuhusu ajira inakataza mtu aliye chini ya miaka 18 kuajiriwa katika kazi za hatari, hata za shambani. Lakini kabla ya sheria iko huruma ya mzazi. Tumefundishwa kuwa Muumini mwenye nguvu hupendeza zaidi kwa Mola wake, ingawa katika kila Muumini mna kheri. Na katika kisa cha Nabii Musa (a.s.) huko Madyan, aliwanyweshea mabinti wawili wanyama wao, na mmoja wao akamsifu kwa baba yake kwa mambo mawili yasiyotengana: nguvu na uaminifu. Kijana mwenye nguvu asiyeuaminia mwili wake huupoteza, na mzazi anayemtwika mtoto kuliko awezavyo ameitumia amana isiyo yake.

Basi baba yule, na kila baba, asivunje vyuma vya mwanawe. Aende jioni akasimame pale wanaponyanyua, naye ahesabu. Na mavuno yakifika, aligawe gunia mara mbili.

Mwenyezi Mungu awajaalie vijana wetu siha njema, na sisi atujaalie hekima ya kuilinda. Amin.