Kupunguza Bei kwa Haki

Sikukuu zikaribiapo wenye maduka wengi hutangaza ya kuwa wamepunguza bei. Jambo hilo si baya. Mwenye nguo zilizokaa sana rafuni huzipunguzia bei apate fedha ya kununua nyingine, na maskini naye hupata kumvika mwanawe. Faida ni ya wote wawili.

Ubaya huingia pale bei ya zamani inapokuwa ya uongo. Mwaka jana niliona doti ya khanga katika duka moja, imeandikwa shilingi 15,000, na juu yake 20,000 imepigwa mstari. Lakini mwezi uliotangulia nilikuwa nimeuliza bei ya khanga hiyo hiyo, nikajibiwa 15,000. Kilichopunguzwa ni nini basi? Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumdanganya mnunuzi hivyo.

Sisi wa Malolo tulimao vitunguu twaijua hila hii kwa namna nyingine. Wakati wa mavuno, bei ikiwa imekwisha kushuka, mchuuzi hudai na lumbesa pia, yaani gunia lililojazwa kupita mdomo wake, ijapokuwa sheria imeikataza. Afikapo mjini hujisifu kwamba auza rahisi. Urahisi huo umetoka katika jasho la mkulima, wala si katika faida yake mwenyewe.

Basi mwenye duka na aandike bei aliyouzia kweli, aseme kama kitu kina kasoro, na akipunguza, apunguze katika fungu lake. Wahenga walisema, Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.